Mwili Usio na Ulimi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, binti wa fundi paa alimsaidia mama kumgeuza baba kitandani. Kisha alimwaga mkojo uliojaa kwenye mfuko wa mpira wa mkojo, akaweka jagi la maji karibu na mto.

Mtaa mzima ulimpa baba jina la Paka, kwa jinsi alivyotembea juu ya mabati. Siku moja aliteleza. Uti wa mgongo ukavunjika, na chini ya kitovu hakusikia tena kitu.

"Paka gani anaangukia mgongo?" alisema baba, akacheka peke yake.

Mama alipokwenda kazini, baba alinong'ona, "Mwanangu, mwaga hayo maji. Mama akiuliza, sema nimekunywa."

"Lakini nesi alisema unywe yote."

"Nikinywa, mfuko unajaa, na anayeubeba ni wewe. Mtoto wa kike kubeba mkojo wa babake! Nisitiri, mwanangu."

Binti alimwonea huruma. Akayamwaga uani. Jioni mama aliuliza, "Amekunywa?"

"Jagi zima, mama."

Ikawa hivyo siku tano. Siku ya sita baba alitetemeka kwa homa, meno yakigongana. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nesi wa zahanati aliitwa mbio.

"Maji anakunywa?" aliuliza.

"Sana," alijibu mama.

Binti akaangua kilio. "Hakunywa! Mimi ndiye niliyeyamwaga!"

Mama alishika kichwa. Nesi alibadilisha mpira wa mkojo, akampa baba dawa. "Kibofu kimeingiwa na vijidudu kwa kukosa maji," alisema. "Wewe na mimi tungelia tumbo tangu siku ya pili. Yeye hasikii, habari za kibofu hazipandi tena hadi kwenye ubongo."

Homa ilishuka baada ya siku nne. Baba aliuliza kwa sauti ndogo, "Na miguu, nesi?"

"Miguu hairudi, baba. Siwezi kukudanganya."

Baba aligeuza uso ukutani, akalia hadi mto ukalowa.

Nje, nesi alimshika binti bega. "Ulidanganya kwa huruma, najua. Lakini mwili wa babako hauna tena ulimi wa kusema unaumwa. Ninyi ndio ulimi wake. Ukweli hautamrudishia miguu, mwanangu. Utakubakizia baba."