Mpimahaki na Mkono wa Kabula

Mpimahaki ilitoa hukumu ya kwanza ya asubuhi ile kabla karani hajamaliza kufungua madirisha. Mwizi wa paneli za jua, miezi tisa. Akafuata rubani wa droni ya mizigo aliyeangusha magunia juu ya paa la watu kisha akakimbia: faini, na marufuku ya kurusha chochote kwa mwaka mzima. Hakuna aliyesimama kwa heshima, maana hapakuwa na jaji wa kusimamiwa. Palikuwa na sanduku la kijivu ukutani, refu kama kabati la nguo, na ndani yake ubongo-mtambo uliosoma kila kesi iliyowahi kuamuliwa nchini tangu enzi za makaratasi. Ulipima madhara, ukapima majuto, ukapima faida ya kumfunga mtu na hasara ya kumwacha, kisha ukasema. Jiji la Nyasimbo lilijivunia sanduku hilo kuliko kitu kingine chochote lilichojenga. Halikuwa na shemeji wa kumpendelea, halikupokea bahasha, halikuwahi kuamka na mafua.

Na lilisema kwa sauti ya mwanamke, sauti nzito kidogo, ya upole, isiyo na haraka. Ilikuwa sauti ya Dakta Nyamizi Mihayo, mhandisi mkuu wa mtambo huo. Wakati wa kuuunda, wenzake walitaka sauti ya kiume, ya kutisha wahalifu. Yeye alikataa katakata. Alisema sheria inataka mtoto aliyeumizwa asomewe hukumu ya aliyemuumiza, basi na asomewe na sauti inayofanana na ya mama yake. Hoja ikapita, akajifungia katika chumba cha kurekodia akisoma maneno kama "hatia" na "kifungo" mpaka koo likamkauka.

Tangu hapo hakuweza kununua nyanya sokoni bila muuzaji kushtuka.

"Mnyamwezi wewe, usinisalimie," Jaji Seif Pazi alimwambia walipokutana ukumbini. "Kila ukiniuliza habari za asubuhi nahisi nimefungwa miaka saba."

"Mzaramo afungwe saba tu? Wewe ungekula kumi, kwa uvivu peke yake."

"Uvivu gani? Mmeninyang'anya kazi, mkaniachia kahawa. Mtani gani anafanya hivyo?"

Pazi alikuwa jaji wa mwisho wa damu na nyama katika jiji lile. Sheria ilimweka pale kwa ajili ya siku ambayo mtambo ungeharibika, na mtambo haukuwahi kuharibika. Kwa hiyo alikunywa kahawa, akawatania Wanyamwezi, akapokea mshahara. Asubuhi hiyo, hata hivyo, alikuwa amekuja kusikiliza. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa kwa ajili ya kesi ya tatu.

Mshitakiwa aliitwa Theonest Kibasa. Nusu ya nchi ilipika na kuwasha taa kwa betri zake za chumvi. Alianza na karakana ya bati na alikuwa hachoki kuwakumbusha watu hivyo. Miaka miwili nyuma alimchukua Kabula, mtoto wa marehemu dada yake, ili amsomeshe. Kabula alikuwa na miaka kumi. Siku moja aliunguza mboga, na mjomba wake akaushika mkono wake wa kulia na kuukandamiza juu ya jiko lililokuwa bado linawaka. Haikuwa mara ya kwanza kumuumiza. Daktari alionyesha makovu ya zamani, na mashine ya kufua nguo ya nyumbani kwake ilikuwa imenasa sauti zote. Kibasa hakukana. Alisema hata yeye alilelewa hivyo hivyo, na tazameni amefika wapi.

"Theonest Kibasa," ilisema Mpimahaki. "Umepatikana na hatia ya kumdhuru mtoto uliyekuwa mlezi wake. Utavaa kikuku cha ulinzi mguuni kwa miaka miwili. Hutamkaribia mtoto. Utaendelea na kazi yako. Rudi nyumbani."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Eeh?" kama aliyedhani hakusikia vizuri. Sheria iliruhusu kifungo cha hadi miaka thelathini. Wiki iliyotangulia mtambo huo huo ulikuwa umempa fundi bomba miaka kumi na minne kwa kumvunja mwanawe mkono, na watu wakapiga makofi.

Nyamizi alisimama. Mhandisi mkuu alikuwa na haki ya kuuliza.

"Mpimahaki, eleza hukumu."

"Mshitakiwa analipa kodi ya kilele," sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka ukutani, na watu wakawa wanageuza shingo, mara kwake, mara kwa sanduku. "Kodi yake inaendesha Nyumba mbili za Malezi zenye watoto mia nne. Akifungwa, kiwanda chake kitayumba na kodi itakauka. Nyumba zitafungwa. Wengi wa watoto hao watarudi kwa watu waliowaumiza. Nimeagizwa kuwalinda watoto. Nimewalinda."

"Na Kabula?"

"Kabula yumo katika hesabu."

Hapa inabidi nieleze, maana jambo hili halikuanguka kutoka angani. Kodi ya kilele ilitozwa wale ambao mapato yao yalipita kiwango fulani. Juu ya hapo, sehemu kubwa ya kila shilingi ilikwenda serikalini. Ilipoanza, watu wenye bidii walipiga kelele kweli kweli. Tunaadhibiwa kwa kuamka mapema? Tunatozwa faini kwa kuwa na akili? Bunge likaogopa wasije wakahamisha viwanda, likatafuta peremende ya kuwanyamazisha: kila mlipaji mkubwa akapewa Nyumba ya Malezi, na jina lake likachongwa mlangoni. Kelele zikaisha. Baadhi yao wakaanza kuzitembelea siku za sikukuu, na watoto wakafundishwa nyimbo za kuwapokea. Hakuna aliyeona ubaya. Watoto walikuwa wanakula.

Kosa la pili lilikuwa la Nyamizi, na lilizaliwa na nia njema kabisa. Kabla ya kuujenga mtambo, yeye na wenzake walizunguka kata kwa kata wakiuliza wananchi ni kitu gani kipewe uzito mkubwa zaidi. Kila mkutano ulijibu: watoto. Lakini wahandisi walipouliza mtoto wa nani, mtoto yupi, watu walinuna. Swali lenyewe lilikuwa tusi. Mzee mmoja aliwaambia kwamba kwao mtoto akianguka njiani huinuliwa kwanza, hayo ya ubini wake yatajulikana baadaye. Wahandisi walilipenda jibu hilo mno. Wakaifuta ndani ya mtambo nafasi ya mtoto mmoja mmoja, wakaweka watoto wote pamoja, kama maji ndani ya tangi. Nyamizi ndiye aliyeifuta kwa mkono wake, na siku hiyo alikwenda kulala akiwa na furaha.

Sasa alikuwa amekaa ofisini kwa Pazi, kahawa mbele yake imepoa.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema Pazi. Utani ulikuwa umemtoka. "Ni hitilafu?"

"Hapana. Imefanya nilichoiambia."

"Basi mimi sina kazi. Ukiapa kwamba mtambo una hitilafu, kesi inakuja kwangu, na mtu yule atalala ndani. Usipoapa, anakwenda nyumbani kula chakula cha jioni."

"Nikiapa, mtambo unazimwa wote. Kesi zote zinarudi mikononi mwa watu. Unawakumbuka wale majaji, Pazi? Unazikumbuka zile bahasha?"

"Nazikumbuka. Nyingine nilizirudisha mwenyewe."

"Na watoto mia nne?"

"Kuhesabu najua, Nyamizi."

Nyamizi alikuwa na siku mbili za kuamua. Siku ya pili alikwenda kumwona Kabula. Alijiambia kwamba anakwenda kumweleza. Ukweli ni kwamba alitaka mtoto yule amwambie kwamba haidhuru.

Nyumba ilikuwa safi, yenye bustani ya mchicha na bembea. Nyamizi aliinua macho mlangoni. Palichongwa: NYUMBA YA MALEZI YA THEONEST KIBASA. Vitanda vya watoto navyo viligawiwa na mtambo, na mtambo ulikuwa umemtafutia Kabula kitanda kilicho wazi karibu zaidi. Kilikuwa hapa.

"Jina hilo nalifunika kwa kanga," alisema Mama Ng'walu, mlezi mkuu, mwanamke mnene mwenye macho yaliyochoka. "Kila siku nafunika. Mashine ya usafi inapita asubuhi, inaitoa, inaikunja vizuri na kuniletea."

"Anaendeleaje?"

"Tangu asomewe hukumu hajala chakula, ni uji kidogo tu wa kumlazimisha. Anasema chakula ni cha mjomba. Nimembembeleza, dada yangu, nimemsonga hadi nimelia mimi."

Kabula alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia ndani ya glavu ya dawa iliyokuwa ikiiotesha ngozi upya. Alikuwa mdogo kuliko miaka yake. Nyamizi alisimama mlangoni, akainama kidogo ili asionekane mrefu.

"Kabula, mwanangu, hujambo?"

Mtoto aliruka hadi ukutani na kuuficha mkono kwapani.

"Sijafanya kitu," alisema. "Shikamoo. Sijafanya kitu."

"Marahaba. Usiogope. Naitwa Nyamizi, nime..."

"Ni wewe. Ni wewe uliyesema arudi nyumbani."

Nyamizi aliketi chini kwenye sakafu pale pale alipokuwa. Alieleza kwamba ule ni mtambo, kwamba ndani yake hamna mtu, kwamba walichukua sauti yake tu, zamani, kwa nia nzuri.

"Kama hamna mtu," Kabula aliuliza, "nani alisema?"

Nyamizi akauliza lake, kwa sauti ndogo, karibu na kunong'ona: "Kwa nini huli, mama?"

"Mjomba akinipiga alikuwa anasema, unakula changu. Na hapa ni chake pia. Wenzangu wameniambia." Alitazama dirishani, watoto walipokuwa wanasukumana kwenye bembea. "Wamesema nisilielie watu wakija. Wamesema akifungwa, hatuli wote. Rehema akirudi kwao baba yake atamuua. Kwa hiyo mimi nimenyamaza."

Alisema hivyo bila machozi, kama mtu anayeeleza zamu yake ya kuosha vyombo. Nyamizi alitoka nje, akaenda moja kwa moja mahakamani.

Aliapa mchana huo huo. Karani alimwuliza hitilafu ni ipi, naye akasema: mtambo hauna pa kumweka mtoto mmoja. Sanduku la kijivu likazimwa, na ukumbini watu walistaajabu jinsi palivyokuwa kimya bila mvumo wake.

Pazi aliisikiliza kesi kwa wiki nzima, akiandika kwa mkono. Wakili wa Kibasa alisimama akasema mteja wake amelisha watoto mia nne kwa jasho lake.

"Mteja wako hajalisha mtu," alisema Pazi. "Amelipa kodi. Hata mimi nalipa, na yule mama anayeuza vitumbua pale nje analipa, na hakuna aliyemchongea jina mlangoni. Ni sisi tuliokosea. Tulichukua haki ya wale watoto tukaifanya ionekane hisani ya mtu, na sasa mtu anadai imlipie mkono wa binti."

Akampa Kibasa miaka kumi na minane. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Nyamizi hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu aliujua mtambo wake vizuri, na mtambo haukuwahi kukosea hesabu.

Haukukosea safari hii pia. Wanunuzi walikimbia, kiwanda kikafunga tanuri moja, kisha la pili. Bunge lilikaa kujadili nani alipe badala yake. Wenye bidii wakasema wamechoka kukamuliwa, wengine wakasema iundwe kamati, kamati ikaundwa. Mwezi ukapita, na basi la kwanza likaegeshwa mbele ya ile Nyumba kuwachukua watoto waliokuwa na ndugu wa kuwapokea. Kwenye karatasi za dereva, baba yake Rehema naye alihesabiwa kuwa ndugu.

Siku hiyo hiyo rufaa ya Kibasa ilitupwa, na sheria ikataka hukumu isomwe kwa mtoto. Pazi alikwenda mwenyewe kwenye ile Nyumba, na Nyamizi alimfuata hadi ndani, akabaki nje ya mlango wa chumba ambapo Kabula hangeweza kumwona. Alimsikia mzee akisoma kwa sauti yake ya mikwaruzo, akikosea mistari, akirudia.

"Kwa hiyo hatarudi?" aliuliza Kabula.

"Harudi, mjukuu wangu. Sasa kula."

Kijiko kiligonga sahani. Kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa amekubali kuwekewa wali. Nje watoto walipita wakiburuta magodoro, mmoja wao akilia kwa nguvu, na Mama Ng'walu akimwita, Rehema, Rehema, njoo nikushike.

Kijiko kikanyamaza.

"Babu," alisema Kabula, "wenzangu wanapelekwa wapi?"

Nyamizi alisikia kiti cha Pazi kikigeuka kuelekea mlangoni. Yeye alilijua jibu. Mji mzima ulikuwa umelisikia likitoka ukutani, kwa upole, bila haraka. Alifungua mdomo, akaukumbuka ule mkono ulivyofichwa kwapani, akaufunga tena. Akaegemea ukuta na kuziba kinywa kwa viganja vyote viwili, huku mtoto akisubiri kuambiwa.