Pumzi kwa Kifaranga

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifungua banda la kuku nyuma ya nyumba. Jina hilo alipachikwa na mama yake kwa sababu ya maneno. Msichana huyu wa darasa la sita alizungumza akifua, alizungumza akila, na ukimwacha peke yake alizungumza na kuku. Aliwamwagia pumba, akabadilisha maji na kuokota mayai, huku mdogo wake wa darasa la kwanza, ambaye nyumba nzima ilimwita Kibonge, akimfuata nyuma na kopo la mahindi na maswali yasiyokwisha.

Mama yao alikuwa mfugaji mwenye sifa zake mtaani. Mikononi mwake kifaranga hafi hovyo. Akianguliwa amelegea, mama alimfuta ute, akaweka midomo yake kwenye kile kidomo chenyewe, akampulizia pole pole mpaka aanze kulia. Alifundishwa na mama yake mzazi, naye akamfundisha Chiriku. Jirani mwenye kifaranga mnyonge alikuja mbio kumwita mmoja wao. Chiriku alivimba kichwa kwa jambo hilo, na nani asingevimba?

Kisha jogoo akafa. Walimkuta asubuhi amelala ubavu, upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, umevimba na kugeuka rangi ya zambarau. Jioni walikufa matetea wawili. Mama alisimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, uso umemshuka.

"Kideri hiki," alisema. "Kimeturudia. Kuanzia leo sitaki kumwona mtoto ndani ya banda hili. Nadhani tumeelewana."

"Tumeelewana, mama," walijibu wote wawili.

Kesho yake mama alikuwa sokoni. Chiriku alikuwa uani akifua, povu mpaka viwikoni, Kibonge alipomjia analia. Ndani ya shati lake alikuwa amemkumbatia kifaranga wa manjano, kichwa kinaning'inia, kamasi zinamtoka puani.

"Dada, anakufa. Mpulizie."

"Mimi nina sabuni. Mpulizie wewe, si umeniona mara nyingi?"

Kibonge alipuliza. Chiriku alimwelekeza kama fundi anayemwelekeza mwanafunzi wake: usikaze midomo, pumua kidogo, rudia tena. Mtoto alirudia mpaka akachoka. Kifaranga alikufa vilevile. Walimfukia nyuma ya choo, na hapo Chiriku akamshika mdogo wake bega.

"Mama asijue. Ukisema, tumekwisha."

Kibonge hakusema. Siku chache baadaye alirudi kutoka shuleni akiwa na homa kali, na usiku huo alikohoa mpaka akatapika. Kulipokucha alikuwa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa. Mama alimbeba mgongoni mtoto mzito yule, hakungoja hata kuvaa viatu vizuri, wakaenda hospitali. Chiriku alifuata nyuma amebeba shuka.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mtulivu, sauti yake ya chini. Alimpima Kibonge malaria; hakuwa nayo. Alisikiliza kifua chake mbele na nyuma, kisha akavuta kiti akaketi.

"Mama, nyumbani mnafuga?"

"Kuku, daktari. Nilikuwa nao. Kideri kimewamaliza, wamebaki wachache."

Daktari alisogeza kiti karibu. "Huenda si kideri. Bwana mifugo amechukua vipimo kwenye mabanda ya mtaa wenu, na majibu yametoka leo. Ni mafua ya ndege. Sasa tunafuatilia ugonjwa huu unapitaje kutoka kwa kuku kuja kwa mtu. Mara nyingi mtu huupata akiwa karibu sana na ndege mgonjwa: mate yake, kamasi zake, kinyesi chake. Mtoto huyu amegusa kuku hao?"

"Hapana," mama alijibu bila kusita. "Niliwakataza siku ile ile. Wanangu nawajua, hawanidanganyi."

"Una hakika? Dawa ya mafua hayo ipo, ila inataka kuwahi. Kama hajawagusa, itabidi nianze kutafuta mahali pengine."

Chiriku, mtu wa maneno, alikosa hata neno moja. Alimwaza mama yake, ambaye ametoka tu kumsifu mbele ya mgeni. Aliwaza watakavyosema watu: dada mtu ndiye aliyemuua. Akamtazama Kibonge kitandani. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yanamtazama yeye, na midomo imefumbwa. Alikuwa anatunza siri ya dada yake huku pumzi inamwishia.

Chiriku akapiga moyo konde.

"Amegusa," alisema. "Alimpulizia kifaranga mgonjwa. Mdomoni. Mimi ndiye niliyemwambia, halafu nikamwambia asiseme."

Mama aligeuka. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda. Daktari hakupoteza muda kuuliza kwa nini. Aliwapa wote barakoa, akamhamishia Kibonge chumba cha peke yake, akamwanzishia dawa na hewa ya mtungi bila kungoja majibu ya vipimo. Mama na Chiriku nao walipimwa, wakapewa dawa za kinga.

Zilifuata siku nzito. Mama hakumgombeza Chiriku, na ukimya ule ulimuuma kuliko kofi. Kule nyumbani, bwana mifugo na wenzake waliovaa kinga kuanzia kichwani hadi miguuni waliwaua kuku waliobaki, wakawafukia kwenye shimo refu na kunyunyizia dawa banda zima. Majibu yalipotoka, yalithibitisha alichosema Chiriku. Na asubuhi moja Kibonge alidai uji, akalalamika kwamba ni kidogo. Mama alilia machozi mbele ya muuguzi, wala hakujificha.

Kibonge aliporuhusiwa kwenda nyumbani, bwana mifugo aliwakusanya wafugaji wa mtaa. Mama alisimama kabla hajaitwa.

"Mnanijua," alisema. "Wengi wenu mmenifuata niwapulizie vifaranga, na wengine nimewafundisha mimi mwenyewe. Nimekuja kuwaambia muache. Karibu nimzike mwanangu kwa ufundi wangu. Kuku akiugua, usimguse, usimchinje, usimuuze. Mwite bwana mifugo."

Chiriku alitazama chini, machozi yakimdondokea miguuni.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, mama alimshika mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali.

"Umenikosea, na sitakuficha kwamba nimeumia," alisema. "Nilikukataza, ukamwachia mdogo wako, ukamfunga mdomo. Lakini nami nilikufundisha jambo la hatari bila kujua, hilo ni langu, silikwepi. Pale hospitali ungenyamaza, daktari angetibu kitu kingine, na leo tungekuwa tunaongea habari nyingine."

"Nilikuogopa, mama."

"Najua. Niogope tu, mimi ni mama yako. Ila mwanangu, niogope ukishasema, usiniogope kabla."