Pumzi Ukutani

Kila alipotoka shule, Miska alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, akala kilichobaki jikoni, kisha akaketi mbele ya kinanda chake cha umeme. Mama yake hurudi usiku kutoka kazini, anakohudumia wazee. Ilikuwa Desemba 1996, na kule Thornton Heath, ughaibuni, saa kumi tu giza limeshatanda.

Jioni hiyo alibonyeza do, kisha mi. Sauti mbili za furaha. Akatulia kidogo.

Ukuta ukavuta pumzi.

Naam, pumzi ndefu, ya mtu aliyelala! Kisha ukajibu: mi, halafu do ya juu. Sauti zilikuwa zilezile, lakini furaha imezitoka, zimerudi na huzuni. Miska akajaribu do na sol. Pumzi ile tena, kisha sol na do ya juu.

"Bibi!" Kwa kawaida alimjibu bibi yake kwa Kiingereza, lakini hofu ilimtoa Kiswahili. "Kuna mtu ukutani!"

Bibi Mardhiya, mzaliwa wa Pemba, hakucheka. Alitega sikio, akaisikia pumzi, akashika kifua.

"A'udhubillahi! Nyumba ile ya jirani, nyuma ya ukuta huu, haina mtu. Mapazia yamefungwa tangu gari la wagonjwa lilipomchukua yule mama wa Kihindi. Kwetu kila shetani ana ngoma yake, na ukijibizana naye umeshamkubali. Jumamosi kinanda hiki kinatoka humu ndani."

"Bibi, nina mtihani wa muziki! Nitafanyaje mazoezi?"

"Mtihani utapita. Shetani akishakaa hapiti."

Alichoma ubani, nyumba nzima ikajaa moshi. Kesho yake pumzi ikasikika vilevile. Miska alilia hadi macho yakavimba, maana kinanda kingine hakuwa nacho.

Sasa, kulikuwa na jambo Miska amelificha. Mwalimu Priscilla alikuwa amewafundisha kugeuza umbali kati ya sauti mbili. Alipouliza, "Mmeelewa?" Miska aliitikia pamoja na wenzake. Ameelewa nini! Majibu yote alinakili kwa rafiki yake Jasmeet. Na mtihani ulikuwa unakuja na maswali hayohayo.

Ijumaa alijikaza, akabaki darasani wenzake walipotoka. "Mwalimu, nilikudanganya. Sikuelewa."

"Afadhali umesema," alijibu Mwalimu Priscilla, akafunua piano. "Hesabu nami: do, re, mi. Umbali wa tatu, tena mkubwa. Sasa ile do ya chini ichukue, uipandishe juu ya mi. Mi, fa, sol, la, ti, do. Ngapi?"

"Sita."

"Tatu na sita ni tisa. Siku zote jumla ni tisa. Na umbali mkubwa ukigeuzwa unakuwa mdogo. Sikiliza unavyobadilika." Akapiga mi, halafu do ya juu.

Miska alizitambua. Ndizo sauti za ukutani!

"Na do na sol, Mwalimu?"

"Huo ni wa tano, unageuka wa nne. Lakini wenyewe ni mkamilifu, na mkamilifu hubaki mkamilifu."

Miska alikimbia hadi nyumbani. "Bibi, kabla hujakitoa, nipe nafasi moja tu. Nitapiga do na la, umbali wa sita, mkubwa. Kama nimeelewa vizuri, ukuta utajibu wa tatu, mdogo: la na do ya juu."

Bibi alikamata tasbihi. Miska akabonyeza. Kisha pumzi. Kisha la. Kisha do ya juu.

"Bibi, shetani gani huyu anayefuata hesabu? Mle ndani kuna mtu!"

Walikwenda nyumba ile ya jirani, wakabisha hodi mpaka wakachoka. Mwishowe walisikia miguu ikiburuzwa, mlango ukafunguka kidogo. Mzee wa Kisingasinga alisimama gizani, kilemba kimelegea. Baridi ya nyumba ile ikawapiga usoni. Bibi akasoma Bismillahi.

"Karibu, mama," mzee alisema kwa Kiswahili cha Kisumu. "Mlidhani nimekufa?"

Aliitwa Mohinder. Sakafuni palikuwa na hamoniamu, kinanda cha kuvutwa upepo kwa mkono, na upepo huo ndio ile pumzi ya ukutani. Kilikuwa mali ya marehemu mke wake.

"Sauti za chini zimekufa kwa unyevu," alieleza. "Mtoto akipiga do ya chini, mimi sina, basi naipeleka juu. Tangu mke wangu afariki, sina wa kuzungumza naye ila huyu mtoto. Na mwenyewe hajui."

Bibi Mardhiya aliona haya hata machozi yakamtoka. "Jirani kafiwa, sisi ukuta mmoja tunachoma ubani! Pemba mtaa mzima ungehamia hapa." Hakungoja kuambiwa. Alikwenda kwake, akarudi na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akafungua mapazia, akawasha taa.

Kinanda hakikutoka. Na siku Miska alipokwenda mtihanini, aliyemsindikiza hadi mlangoni alikuwa Mzee Mohinder.

Lakini jioni ile ile ya Ijumaa, Bibi alimkalisha mjukuu wake. "Sikiliza, mwanangu. Wewe ulisema umeelewa, na hukuelewa. Mimi nilisema nyumba haina mtu, na hodi sikubisha. Kuuliza si ujinga. Tungeuliza mapema, yule mzee asingelia peke yake siku zote hizi."