Bwana Chai na Kicheko

Jumamosi ile duka la vyombo lilifurika. Muuzaji, binti ambaye mtaa mzima ulimwita Kicheko, alikuwa na gauni la njano na jasho puani. Kwenye kibao juu ya mlango alikuwa ameandika mwenyewe kwa rangi: FUKUTO ZA KILA AINA. Mbele yake akasimama kijana mmoja, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata.

"Dada, naomba Fukuto."

Akampa chupa ya chai yenye nembo ya kampuni nyingine, si Fukuto.

"Hii ni Fukuto kweli?"

"Kaka yangu, chupa ikitunza moto ni fukuto! Kama una mke, chukua kubwa. Kama huna, chukua ndogo, utarudi kuongeza."

Akaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na moyo ukamwenda mbio. Lakini simu iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa inarekodi.

Alikuwa mkaguzi wa kampuni yenye jina hilo la Fukuto. Wakubwa wake waliogopa kwamba jina likishakuwa la kila chupa, mahakama itasema si lao tena. Ndiyo maana walimtuma kuwanasa wauzaji. Angeweza kuifuta sauti ile. Jioni akaikabidhi.

Kisha akarudi dukani, safari hii kwa mapenzi yake. Akanunua chupa. Kesho yake nyingine.

"Bwana Chai, kwenu mnaogea chai?"

"Chupa kisingizio tu. Nafuata maneno yako."

"Mwongo wewe!"

Mapenzi yakakolea. Akiulizwa kazi yake, alijibu, "Ofisini tu, mpenzi," huku uso unamwaka kwa aibu.

Siku moja akapigiwa simu. "Bwana Chai wangu! Kampuni ya Fukuto imeniita kesho. Nadhani wananipa uwakala!"

Naye akajibu, "Hongera, laazizi."

Hongera! Jamani, mtu mzima na ndevu zake.

Kicheko alikwenda na gauni jipya la kijani, nywele zimesukwa upya. Mwanasheria wa kampuni akabonyeza kitufe, chumba kikajaa kicheko cha binti kilichorekodiwa. "Kama huna, chukua ndogo..." Wakubwa wakacheka. Sauti ya mteja ilipocheka nayo, binti aliijua mara moja. Akatafuta kwa macho, akamwona mwisho wa meza, kichwa kimeinama.

"Futa jina kwenye kibao, la sivyo tutakutana mahakamani," mwanasheria akasema.

"Nimeelewa." Akatoka akilishika gauni lake kama mtu aliyevuliwa.

Simu za kijana hazikupokelewa. Akaenda dukani mwenyewe, wateja wamejaa.

"Mteja, unataka nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi nilichekwa mbele za watu. Nawe sema kwa sauti."

Akasema, shingo inamtoka jasho. "Nilikuja kumtega. Nikampenda. Aliponipigia kwa furaha nilijua anaitiwa nini, nikamwambia hongera. Naona aibu."

Wateja wakamgeukia binti.

"Na kicheko changu?"

"Bado wanacho. Nimeacha kazi, lakini wamekataa kukifuta."

Binti akageuza uso, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akachukua kopo la rangi na brashi, akaegemeza ngazi chini ya kibao.

"Nishikie."

"Siachii, mpenzi. Haki ya Mungu, siachi—"

"Usiape, Bwana Chai. Shika tu."

Hakucheka. Lakini alipanda.