Hereni za Kamshat

Jumapili ile ya Oktoba nusu ya jiji la Almaty ilikuwa imehamia Terenkur, njia ya lami kando ya mto: wazee na fimbo zao, kina mama na vigari vya watoto, mbwa waliovalishwa sweta. Kamshat, ndani ya koti lake jekundu, alikuwa akikanyaga makusudi majani makavu ya mialoni ili yapige kelele, mara akagongana bega kwa bega na Bekzat.

"Samahani, dada," akasema Bekzat, kisha akamtambua. Uso ukamshuka.

"Leo nimekuwa dada? Mwezi wa nne ulikuwa unaniita asali."

"Wewe ni mchumba wa watu, Kamshat. Mimi najiheshimu."

"Mchumba wa nani?"

Wakaanza kutembea, maana kusimama pale ni kukanyagwa na vigari. Kiangazi kizima Kamshat alimpigia mtu huyu simu wala haikuita, kumbe ameshamfungia namba. Alilia mpaka mama yake akadhani ana mafua. Alikuwa bado anampenda, tena vibaya sana, na leo alitaka kitu kimoja tu: arudi.

"Nilikuona kwa macho yangu," Bekzat akasema. "Kwenye benchi pale juu, karibu na daraja. Mama mmoja wa makamo anakuvisha hereni, hereni mpya za fedha. Kwetu sisi mama wa kijana akimvisha binti hereni, ndiyo posa, kuna la kuuliza tena?"

Kamshat akasimama. "Yule ni shangazi yangu wa Taldykorgan. Hereni nilijinunulia mwenyewe. Moja ilinasa kwenye skafu, ndiyo alikuwa ananirudishia."

"Usinitanie."

"Nikutanie kwa lipi? Ungeniuliza neno moja tu, Bekzat. Moja."

Jamani, kuna wanaume wakishanuna, hata haki yao wenyewe wanaisusa. Bekzat akakaa kwenye ukingo wa mawe, amepauka.

"Mama alikuwa ameshanunua za kwako," akasema polepole. "Nilipomwambia umeshavishwa na wengine, alikasirika, hakusemeka. Mwezi wa nane akamvisha Balzhan, binti wa rafiki yake. Harusi ni mwezi ujao."

"Akamvisha hereni zangu?"

"Hizohizo."

Kamshat akacheka.

"Unampenda?"

"Ni binti mzuri. Hana kosa."

"Sikukuuliza kosa."

"Nakupenda wewe. Unajua, kwa nini unanisemesha?"

"Basi mwambie Balzhan. Leo. Najua itakuwa aibu, tutaibeba wote wawili. Mama yako akitaka kunitukana anitukane, nitainamisha kichwa."

Bekzat akasimama, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na Kamshat akaamini. Aliamini kabisa, hata akaanza kutabasamu. Hapo simu ikalia mfukoni mwa Bekzat. Akaitazama, akauachia ule mkono, akapokea.

"Ndiyo, Balzhan... Nimetoka kunyoosha miguu kidogo... Hapana, mpenzi, niko peke yangu."

Aliyasema hayo huku anamtazama Kamshat machoni. Kamshat hakungoja amalize. Akafunga vifungo vya koti, akateremka na njia kuelekea mjini, ili mwenzake asiwe mwongo.