Siku Ishirini na Nane za Mwatima

Mwatima na Ameir walifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Thornton Heath, katika nchi ya Waingereza. Kila asubuhi walimwinua Mzee Nickson kitandani kwa mashine. Sheria ya kazi ilikuwa moja: mashine haiguswi na mtu mmoja. Mmoja anashika mkanda, mwenzake anabonyeza kitufe.

"Tayari?" Ameir huuliza.

"Tayari," Mwatima hujibu, macho chini.

Siku moja Mzee Nickson, Mkenya asiyeficha neno, alicheka akiwa bado ananing'inia. "Nyinyi watoto! Mwaka mzima tayari, tayari, na hakuna kinachoanza?"

Ameir aliona haya mpaka masikio. Lakini mwezi uliofuata wazee wake walipeleka posa kwa Bi Haifa, shangazi yake Mwatima. Posa ikakubaliwa. Mwatima akavishwa pete. Aliitazama kidoleni kama kitu alichoazimwa.

"Jumapili ijayo sheikh anakuja hapa sebuleni," alisema Bi Haifa. "Mambo yamekwisha."

Jumatatu, msimamizi wa zamu aliiona ile pete. Huyu ni Sushila, mzaliwa wa Mwanza, mkaazi wa Tooting.

"Hongera, binti! Mmeshaandikisha serikalini?"

"Kuandikisha nini, mama? Sheikh anakuja Jumapili, nikaha ni sebuleni kwa shangazi."

Sushila akavuta kiti. "Nikaha ni ndoa mbele ya Mungu, hilo silibishi. Lakini nikaha ya sebuleni peke yake, sheria ya hapa haiitambui. Jirani yangu alikaa na mumewe miaka kumi na miwili. Mume akafariki bila wosia, na nyumba ilikuwa kwa jina la mume tu. Sheria ikasema yule mama si mjane."

"Miaka kumi na miwili?" Mwatima aliuliza.

"Yote. Sasa sikiliza. Nendeni wote wawili ofisi ya usajili wa ndoa. Chukueni pasipoti, na barua inayoonyesha mnapoishi. Mtatoa taarifa kwamba mnataka kuoana. Mtasubiri siku ishirini na nane kamili, wengine husubiri zaidi. Ndipo mtafunga ndoa ya serikali. Nikaha isogezeni, iwe siku hiyohiyo."

Jioni ile Bi Haifa aliwaka. "Nisogeze? Watu nimeshawaalika! Watasema bwana harusi katoroka!"

Mwatima hakuwa amewahi kumbishia shangazi yake. Alishika ncha ya mtandio.

"Shangazi, mie nataka niwe mke kwa Mungu na kwa sheria."

Bi Haifa akamgeukia. "Leo sauti umeitoa wapi wewe?" Kisha akachukua simu. "Haya. Nipe namba ya sheikh."

Ofisini, Mwatima na Ameir walitenganishwa. Kila mmoja aliingia chumbani peke yake. Afisa alimuuliza Mwatima jina kamili la Ameir, tarehe yake ya kuzaliwa, na kazi yake. Kisha akaweka kalamu chini.

"Na wewe, umeridhia mwenyewe? Hakuna aliyekulazimisha?"

Mwatima alishangaa. Jengo kubwa lile, na afisa na kompyuta yake, vyote vilikuwa vimenyamaza vikisubiri neno lake yeye.

"Nimeridhia mwenyewe," alisema.

Majina yao yakabandikwa ofisini, kila mtu ayaone. Mwatima alirudi mara mbili kuyasoma, polepole, herufi kwa herufi. Alihisi amekuwa mtu mkubwa.

Baada ya siku ishirini na nane, ukumbi mdogo wa ofisi ulijaa. Sushila na Bi Haifa walikuwa mashahidi. Sheikh alikuwa akingojewa nyumbani, pamoja na biriani. Mzee Nickson aliletwa kwa kiti cha magurudumu.

"Leo inaanza!" akasema kwa sauti, watu wakacheka.

Ameir akainama. "Tayari?"

Mwatima akainua macho, akamtazama usoni.

"Tayari."