Kitambaa Shingoni mwa Dumu

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofungua banda la ndege ili achanganye petroli ya kesho. Kazi ya dakika kumi. Tangu kaka yake azikwe, miezi minane sasa, aliifanya bila kuhisi chochote. Hakuhisi huzuni wala njaa. Hata jioni hiyo mlango wa banda ulipombana vidole, alivitazama tu.

Ndege yenyewe ilikuwa ya watu wawili, mabomba na turubai, majirani wakiitania kuwa ni pikipiki iliyoota mabawa. Injini yake ilikuwa tustroki, ndugu wa ule msumeno wa kukatia miti: haina mahali pake pa oili, oili huchanganywa humo humo kwenye petroli. Ukisahau, pistoni inakauka na kukwama huko huko juu. Ndiyo maana yeye na kaka yake walikuwa na sheria moja. Aliyetia oili anafunga kitambaa chekundu kwenye shingo ya dumu. Kitambaa kipo, ruka. Hakipo, usiguse.

Siku ile ya ajali Fundi alifunga kitambaa kwanza. Mikono ilikuwa michafu, akasema akanawe, oili atatia akirudi. Akanawa. Simu ikalia. Kaka akaona kitambaa, akajaza tangi, akaruka.

Wachunguzi waliandika kwamba marehemu alisahau oili. Fundi aliisoma ile karatasi, akaikunja, akanyamaza. Injini aliifufua, silinda mpya na pistoni mpya, na mabawa akayashona upya. Na leo mchana mjane wa kaka yake alikuwa amempigia simu.

"Shemeji, kesho nipandishe. Nataka nilione lile shamba alikoangukia. Mara moja tu, nitulie."

Akamwambia sawa.

Sasa akamimina petroli lita ishirini. Akapima oili, ile ya buluu, akaitia, akakaza kifuniko, akatikisa. Akafunga kitambaa. Akageuka kuifuta propela.

Glagh... glagh... glagh...

Aliujua mtikiso ule. Kaka yake alikuwa akitikisa dumu mara ishirini, taratibu, hata wakimcheka. Fundi alihesabu kwa sauti ya chini mpaka ishirini ndipo akageuka.

Dumu lilikuwa limetulia. Kitambaa kilikuwa sakafuni, kimekunjwa mara nne.

Akakiokota, akakifunga tena, mafundo mawili. Ndipo moshi ukamfika puani, ule mtamu mtamu wa injini iliyozimwa sasa hivi. Injini ilikuwa haijawashwa siku tatu. Akagusa silinda.

Ya moto.

Alipogeuka, shingo ya dumu ilikuwa wazi. Kitambaa sakafuni tena, kimekunjwa vilevile. Akachukua glasi, akamimina petroli kidogo, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Petroli yenye oili huwa na ubuluu. Hii haikuwa na rangi yoyote. Akatazama chupa ya oili: ilikuwa imepungua, kiasi kile kile alichopima. Akaimwaga ya kwenye glasi, akaifuta, akamimina nyingine.

Nyeupe kama maji matupu.

"Shemeji... unaongea na nani?"

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, kichwa wazi, kilemba mkononi.

"Siongei."

"Nimekusikia unahesabu." Akaingia, akanong'ona. "Anakuja kwangu, shemeji. Kila magharibi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono inanuka petroli. Hasemi kitu. Ananifungua kilemba, anakikunja mara nne, ananiwekea magotini... Sijui anataka nini. Leo nikaona nije nikuulize wewe."

Macho yake yalikuwa yameshuka sakafuni, kwenye kile chekundu.

"Siku ile, nani alikifunga?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limekaa humo miezi minane: kaka mwenyewe. Lakini kesho mwanamke huyu angekaa nyuma yake hewani, na yeye hakuweza tena kuiona oili.

"Mimi," akasema. "Nilikifunga kabla sijatia oili. Halafu nikasahau."

Mjane hakulia. Hakumpiga. Aliichukua ile glasi, akaiinua kwenye mwanga.

"Ndiyo ya kesho hii?"

"Ndiyo. Mimi naona haina rangi. Wewe unaonaje?"

Aliitazama kwa muda mrefu.

"Buluu," akasema.

"Kweli, shemeji?"

"Buluu kabisa." Akaiweka mezani polepole. "Ila mimi sitapanda tena. Ruka wewe. Mimi nitakutazama kutoka chini."

Akaondoka, huku akifunga kilemba chake.

Fundi akabaki na lile dumu. Kumwaga na kuchanganya upya kusingemfaa kitu, maana angeiona vilevile. Kaka alikuwa ameitoa oili, au alikuwa ameyapofusha macho ya Fundi yasiuone ubuluu, au shemeji alikuwa amedanganya. Alijaribu kuogopa, hofu ikagoma kuja. Mwishowe akaokota kitambaa, akakifunga, fundo moja tu. Akasimama akisubiri ule mtikiso.

Kimya.

Alfajiri aliporudi, silinda ilikuwa baridi na kitambaa kilikuwa bado kimefungwa. Mjane alikuwa ameshafika, amesimama peke yake katikati ya uwanja, uso juu, akilitazama anga ambalo bado halikuwa na kitu.